Mwalimu wa Vita vya Ng'ambo ya Mto

Mwalimu hakupata hata siku moja kuanza somo la vita kwa kutaja bunduki. Aliingia darasani, akavua kofia yake ya miyaa na kuiweka mezani, kisha akauliza: "Mwaka ule, watu walikula nini?" Wanafunzi wapya walidhani amekosea kipindi, labda anataka kufundisha kilimo. Wa zamani waliinama na kuanza kuandika, maana walijua swali hilo litawangoja kwenye mtihani.

Haya niliambiwa na wanafunzi wenyewe, kwani mimi sikusoma kwake. Nilikuwa mpiga taipu katika duka dogo la mjomba wangu mjini Malindi, nyuma ya soko, mahali watu walipokuja kuandikiwa barua za kuomba kazi, mialiko ya arusi na malalamiko ya mashamba. Mwalimu alituletea mitihani ya shule tuichape. Baadaye akaanza kuleta kitabu chake, sura moja moja, na hivyo ndivyo nilivyomjua kwa miaka sita, kupitia mwandiko wake uliolalia kushoto na vidole vyake vyenye chaki hata siku za mapumziko.

Kitabu chenyewe kilihusu vita ambavyo Wagiriama walipigana na Mwingereza zamani za mababu, wakati Wazungu walipokuwa wakianza kuuana wenyewe kwa wenyewe kwao. Serikali ya wakati ule ilitaka vijana wakabebe mizigo ya jeshi, na ikataka watu waliokuwa wakilima ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki wahame, wavuke waje kusini. Watu wakakataa. Nyumba zikachomwa, mbuzi wakaswagwa, na waliobaki wakavuka mto wakiwa na watoto mgongoni. Mwalimu alizaliwa na kizazi cha wale waliovuka na baadaye wakarudi kimyakimya kwenye majivu yao.

Alikuwa na ugomvi na vitabu viwili. Cha kwanza, cha Wazungu, kiliyataja mambo hayo kwa mistari michache na kuyaita fujo za watu waliodanganywa na waganga. Cha pili kiliandikwa na wasomi wetu baada ya uhuru, nacho kikasema kabila zima liliinuka kama mtu mmoja. Nilidhani hiki cha pili angekipenda.

"Yule wa kwanza ametufanya watoto wakaidi," aliniambia. "Huyu wa pili ametufanya masanamu. Sanamu haliogopi, binti yangu. Halina njaa wala halimsaliti jirani. Mimi nawatafuta watu."

Na kweli aliwatafuta. Shule zikifungwa alipanda baiskeli yake akaenda Magarini, Adu, na vijiji vilivyo ndani zaidi ambavyo sisi watu wa mjini tulivisikia tu kwa wauza mkaa. Aliketi na wazee waliokuwa watoto wakati wa vita. Hakuandika mbele yao hata neno. Alisema mzee akiona kalamu huanza kuzungumza na serikali. Alisikiliza, akaaga, akaenda mbali kidogo na njia, ndipo akaandika yote kwenye daftari alilolifunga kwa mfuko wa nailoni. Baada ya mwezi alirudi kumsomea yule mzee alichokiandika. Mzee akisema "hapa sivyo", Mwalimu alikata mstari na kuandika upya, na kisha akaniletea mimi nichape ukurasa mzima tena. Sura ya tatu nimeichapa mara tano.

Kwa chakula alijua mengi ambayo wasomi hawakuyajua. Mwenye kukumbuka kwamba walikula ndiga, mizizi ya porini ambayo lazima ilowekwe siku nyingi ili sumu iishe, basi huyo kwao walijificha mahali penye maji, na walijificha kwa muda mrefu. Mwenye kukumbuka nyama ya mbuzi kila siku alikuwa wa nyumba zilizochinja mifugo yao upesi kabla askari hawajaichukua. Kwa njia hiyo alichora ramani ya vita isiyo na mshale hata mmoja wa jeshi. Ilikuwa na visima, mashimo ya kufichia mahindi, na mahali wanawake walipozalia njiani.

Usidhani alikuwa jasiri. Alikuwa mwoga, na hilo lilinishangaza kwa mtu aliyeshinda na habari za vita. Pikipiki ikilia ghafla barabarani alishika kifua. Akimwona polisi mbele alivuka barabara, hata kama duka alilokuwa akiliendea liko upande ule ule. Kanisani alikaa karibu na mlango. Siku moja mjomba alimtania, akamwuliza ikiwa babu zake walipigana na Mwingereza huku wakivuka barabara namna hiyo. Mwalimu hakucheka.

"Wengi walivuka hivyo hivyo, bwana," alisema. "Ndiyo maana nimezaliwa."

Alikuwa mkali kwa mwanafunzi aliyenakili kazi ya mwenzake, lakini yeye mwenyewe alidanganya kwa urahisi katika mambo madogo. Alimwambia mkewe ameacha tembo la mnazi, na kila Jumapili baada ya sala alipitia kwa mgemaji mmoja akanywa vibuyu viwili, mboko mbili, akatafuna majani ya mpera kuua harufu. Alitia chai sukari vijiko vitano, na akiulizwa alisema viwili. Nilipomshika na uongo huo alijibu kwa uso mkavu: "Kuhusu sukari naruhusiwa. Kuhusu waliokufa siruhusiwi."

Miaka ile ilikuwa ya kunong'ona. Watu walizima redio mgeni akibisha hodi. Tulisikia kuhusu walimu wa vyuo vikuu waliochukuliwa kwa sababu ya karatasi tu, na hakuna aliyejua karatasi hizo zilisema nini, kwa hiyo kila mtu aliziogopa karatasi zake mwenyewe. Mjomba alikagua kila barua kabla sijaichapa. Neno kama "haki" likijitokeza mara mbili katika ukurasa mmoja, alimwomba mteja apunguze moja.

Na huko ng'ambo ya mto nako mambo yalikuwa yakibadilika. Wapimaji ardhi walikuja na minyororo yao na kupanda mawe ya mipaka katikati ya mihogo. Watu wa Adu na vijiji jirani waliambiwa kwamba wao ni maskwota, kwamba walikuja juzi, na ardhi ile ina mpango mwingine. Jibu lao lilikuwa moja: babu zetu waliishi hapa, wakafukuzwa kwa bunduki, wakarudi. Hivyo vita vya zamani, ambavyo Mwalimu alikuwa akivikusanya kama mtu anavyookota kauri ufukweni, viligeuka kuwa hati pekee ya shamba waliyokuwa nayo watu wale. Wazee walimwambia aharakishe kitabu. Alipokuja dukani alikuwa na macho mekundu, akinihesabia kurasa kwa haraka.

Ndipo ikaja sura ya sita.

Adu alikuweko bibi mmoja kipofu, mkongwe mno, ambaye alikuwa msichana wa kuvaa hando, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, wakati wa vita. Mwalimu alikuwa amemwendea mara nyingi, na kila mara bibi alimwambia habari za ndiga na mvua. Mara hii bibi ndiye aliyemwuliza Mwalimu ukoo wake kwa undani zaidi. Alipoujua, alimwambia kwamba kabla ya askari kufika, alikuja mtu mmoja, mjumbe wa mzee aliyewekwa na serikali, akipita nyumba kwa nyumba. Aliwaahidi kwamba atakayevuka mto mapema hatachukuliwa mbuzi wake wala mwanawe. Nyumba kadhaa zikamwamini, zikavuka. Mbuzi walichukuliwa huko huko kusini walikovukia. Vijana walichukuliwa pia. Halafu waliovuka waliulizwa wenzao wamejificha wapi, na wapo waliosema.

"Mjumbe huyo alikuwa babu yako," bibi alimwambia. "Una sauti yake. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nikiiogopa."

Mwalimu alirudi kwa wazee wengine. Walijua. Walikuwa wamejua siku zote. Aliyekuwa msemaji wao, mzee mrefu aliyepungukiwa na vidole viwili vya mkono wa kulia, alimsihi asiandike.

"Hilo ni letu la ndani," alisema. "Wapimaji wako shambani. Leo si siku ya kusema nani alivuka kwa miguu yake."

Hayo yote Mwalimu alinisimulia akiwa amesimama, sura ya sita imo mkononi, hataki kuiachilia. Kulikuwa na kiti cha wateja pale dukani, lakini hakukaa.

"Ukiitoa, kitabu kitapungua nini?" nilimwuliza.

"Kitakuwa kile cha pili," alisema. "Cha masanamu. Na mimi nitakuwa nimemficha babu yangu nyuma ya mashujaa." Akaiweka juu ya mashine. "Chapa kama ilivyo. Usirekebishe hata nukta."

Niliichapa. Ilikuwa nzuri kuliko sura zote, na ya kutisha kuliko zote, kwani haikumlaumu mtu ila mmoja, na huyo alikuwa wa nyumbani kwa mwandishi. Mwalimu alieleza wazi kwamba ahadi ya mtu mwenye bunduki nyuma yake si ahadi, na kwamba aliyevuka kwa kuogopa mwanawe amefukuzwa sawa na aliyechomewa nyumba. Nilitoa nakala mbili, ya juu yake yeye, ya kaboni nikaiweka kwenye kabati letu pamoja na nakala za sura zilizotangulia, kama tulivyokubaliana, ili moja ikipotea isipotee yote.

Wiki chache baadaye alikuja mtu wa shati jeupe la mikono mifupi. Alitaka barua ya kuomba simu nyumbani. Alikuwa mpole, Kiswahili chake kilikuwa cha bara lakini alijitahidi, akanisalimu kwa heshima na kumwulizia mjomba hali. Mara ya pili alikuja bila barua. Alisema amesikia kwamba Mwalimu anaandika historia ya watu wa huku, naye ni mpenzi wa historia. Nilimwambia mimi huchapa mitihani. Akatabasamu, akasifu usafi wa duka.

Mara ya tatu mjomba alikuwa msikitini. Mtu yule aliegemea meza, akaitazama leseni ya duka iliyotundikwa ukutani kwa muda mrefu kana kwamba imeandikwa kwa lugha ngumu.

"Kakako bado yuko bandarini Mombasa?" aliuliza.

Sikuwa nimemwambia nina kaka.

"Kazi nzuri, bandarini," alisema. "Ana watoto wangapi sasa? Watatu?"

"Watatu," nilijibu.

"Mimi sitaki ubaya, dada. Nataka kusoma tu. Nipe hata sura moja nisome, niwaambie wenzangu huyu mzee hana neno."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema hapana, na jibu halijabadilika: nilifikiri naweza kuwa mwerevu. Sura ya pili ilitaja nyumba zilizochomwa. Ya nne ilihesabu vijana waliochukuliwa. Ya tano ilisema ardhi ile ilikuwa ya nani. Nilizipima kichwani kama mtu anayechagua samaki, nikaona ya sita ndiyo isiyo na hatari. Haikuwasema wakubwa wa leo, wala haikudai shamba. Ilimhukumu babu wa mwandishi peke yake. Nikafungua kabati, nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akanishukuru, na hakurudi tena.

Sikumwambia Mwalimu. Nilingoja aje nimweleze, na alipokuja nikangoja aje tena.

Kukaitishwa baraza huko Magarini kuhusu ardhi. Watu wa Adu walitaka mtu wa kuandika maneno yatakayosemwa, Mwalimu akaniomba mimi, na mjomba akaruhusu kwa shingo upande. Tulikaa kwenye uwanja wa shule, jua kali, wanawake upande mmoja na leso vichwani. Bibi kipofu aliletwa, akaketishwa mbele kabisa kwenye mkeka. Mzee wa vidole vitatu alisimama akazungumza vizuri sana. Alitaja nyumba zilizokuwako, moja moja, na nani alizikwa wapi. Alisema: "Hatukuondoka hapa kwa kupenda. Tuliondolewa."

Ofisa aliyekuwa amekuja kusikiliza alimshukuru. Kisha akafungua jalada na kutoa karatasi.

"Wazee, mimi si mtu wa huku," alisema. "Kwa hiyo nimesoma kazi ya msomi wenu mwenyewe, mtoto wenu, anayeijua historia yenu kuliko mimi." Akasoma: "'Nyumba kadhaa zilivuka mto kabla askari hawajafika.'" Akarudia ili watu wasikie. "Kabla askari hawajafika. Sasa mtu akihama kabla hajafukuzwa, tuseme alifukuzwa na nani?"

Mashine yetu dukani ilikuwa na herufi ya k iliyoruka juu ya mstari. Nilikuwa nimekaa karibu vya kutosha kuiona ikiruka katika karatasi ile, kila ilipotokea, kama mdudu anayenirukia usoni.

Mwalimu alisimama. "Bwana Ofisa, endelea," alisema. "Soma mstari unaofuata. Tafadhali. Soma unaofuata!" Sijapata kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile. Ofisa alifunga jalada, akasema muda umekwenda, na kila mtu atapata nafasi yake katika ofisi.

Watu hawakupiga kelele. Ingalikuwa afadhali wapige. Waliinuka, wakakunja mikeka, wakamsaidia bibi kipofu kusimama. Mzee wa vidole vitatu alipita karibu na Mwalimu, akasimama mbele yake, akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Umetuvusha tena," alisema.

Tulirudi Malindi ndani ya lori la mkaa, mimi na Mwalimu, kila mmoja ameshika ubao wake. Sikusema. Yeye naye hakuniuliza. Alipoteremka alinishukuru kwa kuacha kazi zangu siku nzima.

Hazikupita siku nyingi walimchukua. Walimtoa kwenye chumba cha walimu katikati ya mitihani, na wenzake walinieleza kwamba aliomba ruhusa ya kuvaa viatu, maana alikuwa amevivua chini ya meza kwa ajili ya joto. Nyumbani kwake walipekua hadi juu ya dari. Waliyabeba madaftari yote pamoja na nakala yake ya kitabu, ndani ya gunia la mahindi.

Habari hiyo ilipotufikia, mjomba alifunga duka mchana mchana. Alinitazama, akalitazama kabati. Nilizipeleka sura zilizobaki jikoni kwa mama, nikazitia chini ya sufuria moja moja. Karatasi ya kaboni huwaka kwa moshi mzito. Mama alikohoa, akauliza ni nini kile, nikamwambia mitihani ya zamani. Wali wa siku ile nilishindwa kuula.

Hivyo kazi ya miaka sita ikaisha, isipokuwa sura moja, na hiyo ilikuwa ndani ya jalada la ofisi, umesomwa mstari mmoja tu.

Mwalimu alirudi baada ya majuma kadhaa. Kazi ya kufundisha hakurudishiwa. Mkewe alikwenda kwa watoto wao Mombasa, naye akahamia Mnarani kwa dada yake, ng'ambo ya hori la Kilifi, karibu na magofu ya msikiti wa kale. Watu walisema hasemi na mtu. Wengine walisema ana fedha, alilipwa na serikali ili aandike yale. Maneno hayo niliyasikia dukani, mbele yangu, kutoka kwa watu wa Magarini waliokuja kuandikiwa barua, na niliendelea kuchapa.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kumwendea. Nilivuka kwa feri asubuhi moja. Nilimkuta nje ya nyumba ya dada yake akisokota kamba ya makumbi. Alikuwa amekonda, na shati lake lilikuwa limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Karibu. Mjomba hajambo?"

Nilimweleza nikiwa bado nimesimama, kabla sijakaribishwa kiti, kwani nilijijua: nikikaa nitaanza kuzungumzia hali ya hewa. Nilimweleza mtu wa shati jeupe, kakangu, kabati, na jinsi nilivyochagua. Nikamweleza jiko la mama.

Vidole vyake viliacha kusokota aliposikia habari ya jiko. Aliuliza tu, "Zote?"

"Zote, Mwalimu."

Alifumba macho. Ndani ya nyumba dada yake alikuwa akipepeta kitu kwenye ungo.

"Kule walikoniweka waliniuliza nani alichapa," alisema. "Niliwaambia nilichapa mwenyewe. Nilidhani nakulinda. Kumbe walikuwa wakiniuliza jambo wanalolijua, waone kama nitasema uongo."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Mimi nilipoteza karatasi," alisema. "Watu wa Adu wamepewa barua za kuhama. Wataondoka baada ya mavuno. Na wanadhani niliwauza, jinsi babu yangu alivyowauza. Msamaha wako hauko hapa Mnarani."

"Nikienda kuwaambia, kitabadilika nini? Mawe yameshapandwa."

"Hakitabadilika kitu shambani." Akaokota kamba yake. "Sema siku."

Nilisema nitaangalia na mjomba. Nilisema mvua, lori, kazi za arusi. Alinisikiliza yote kwa upole hadi nikaishiwa.

"Sema siku," akasema tena.

Nikasema Alhamisi.

Tulifika Adu siku ya Alhamisi karibu na adhuhuri. Nyumba mbili za mwanzo zilikuwa zimeshaezuliwa, makuti yamelazwa chini kwa mpango ili yabebwe. Mzee wa vidole vitatu alikuwa mbele ya nyumba yake akipukuchua mahindi pamoja na mkewe na wakwe zake. Alimwona Mwalimu, akaendelea kupukuchua. Nilimwulizia bibi kipofu, mke wa mzee akajibu kwamba walimzika mwezi uliopita, ng'ambo ya jiwe la mpaka, kwa hiyo hata kaburi liko kwenye shamba la mtu mwingine.

Niliwaambia. Nilisema kwa Kiswahili, na Mwalimu hakunisaidia kwa neno lolote, alisimama tu na kofia mkononi. Nilipofika kwenye kabati, wanawake waliacha mahindi. Nilipomaliza, kuku walikuwa wamekwisha kuingia kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza.

"Kwa hiyo si Mwalimu aliyewapa," mzee alisema.

"Si Mwalimu. Ni mimi."

"Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia baba yangu na mtaa wetu. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeweka kitu mahali atakapokipata. Kisha akamgeukia Mwalimu, na sauti yake haikulegea.

"Lakini babu yako alituvusha."

"Alituvusha," Mwalimu alijibu. "Hilo ni kweli. Na ningeliandika tena."

Mzee akasema jambo kwa Kigiriama, mkewe akaingia ndani, akatoka na kigoda kimoja na kukiweka karibu na lundo la mahindi. Mwalimu aliketi. Akachukua gunzi, akaanza kupukuchua nao bila kuambiwa, na mzee akamsogezea ungo.

Kigoda kilikuwa kimoja. Nilibaki nimesimama juani hadi lori lilipokuja.